Kofia za Karani

Pale kwetu Dagoretti Corner mwanamke hakuitwa kwa jina lake. Aliitwa kwa la mtoto. Mama yangu alikuwa Mama Trufosa, kwa kuwa Trufosa ni mimi. Jirani wa ukuta wa kushoto alikuwa Mama Ayub. Hata mke wa kinyozi, ambaye mwanawe alikufa kabla ya kubatizwa, aliitwa kwa jina la marehemu yule mpaka siku alipohama. Basi alipohamia chumba cha tatu mwanamke mmoja mwenye viatu vya kisigino na sanduku la bati, Mama Ayub alimfuata mlangoni, akamwuliza kwa upole kabisa, "Karibu, dada. Wewe ni mama nani?"

"Mimi ni karani," akajibu.

Likawa ndilo jina lake. La ubatizo alikuwa nalo, maana nililiona baadaye juu ya bahasha, lakini sikuwahi kulisikia likitamkwa uani kwetu, na hapa pia sitalitamka. Nimezeeka sasa. Nina wajukuu, na wengi niliowapenda nimeshawazika. Lakini nikipita mahali penye harufu ya wino na karatasi mpya, ni yeye anayenijia, na kumkumbuka kunaniuma kama hamu ya chakula ambacho hakuna tena anayejua kukipika.

Vyumba vyetu vilikuwa kumi, vya mabati, nyuma ya maduka ya Wahindi, bomba moja na choo kimoja. Wengi tulitoka magharibi. Baba alikuwa fundi wa mbao katika karakana ya Singasinga mmoja ng'ambo ya barabara, akitengeneza viti na vitanda. Karani yeye alipanda basi kila asubuhi kwenda mjini, kwenye ofisi ya wakili mmoja wa Kihindi, ghorofani juu ya maduka ya vitambaa, akapige taipu. Siku hizo mwanamke Mwafrika akienda mjini asubuhi, na haendi kufua wala kubeba mtoto wa mzungu, watu walisimama wakamtazama. Wanaume waliokuwa wakingoja basi walimpisha, kisha wakikumbuka kwamba wamempisha mwanamke, wakakasirika.

Asije mtu akadhani nasimulia habari za malaika. Karani alikuwa na maringo. Viatu vyake alivipangusa kila jioni kwa kitambaa maalumu, na ole wako ukigusa kile kitambaa. Alikuwa mchoyo wa sukari. Aliogopa kuku, mtu mzima yule, akiona jogoo alizungukia nyuma ya choo kumkwepa. Mchungaji akikosea neno kanisani alilisahihisha kwa sauti, si kubwa, lakini ya kutosha benchi tatu. Mimi mwenyewe aliniwasha kofi siku moja kwa kuandika jina langu kwa mkaa kwenye mlango wake, kisha akaniketisha kizingitini akanifundisha kuliandika vizuri zaidi.

Alikuwa na misemo yake ya ofisini. Mtu akimchokoza alisema, "Hiyo niwekee kwa faili," akaendelea na safari yake. Ukiharibu kitu ukataka kukificha, alikwambia kwamba kosa likifutwa linaacha kovu, afadhali uchukue karatasi mpya. Na mashine yake aliisifu kwa jambo moja tu. "Ile haijali nani ameketi," aliniambia. "Ukibonyeza A, inaandika A. Kwa mzungu A, kwa Mhindi A, kwangu mimi A."

Jumamosi moja alinichukua nikaione. Tulipanda ngazi nyembamba zilizonukia ubani na bizari, tukaingia chumba chenye mafaili mpaka darini. Wakili aliniangalia juu ya miwani. "Huyu mtoto yako, Karani?" akauliza.

"Ya jirani," akajibu Karani, akaketi, akaingiza karatasi. Vidole vyake vyote kumi vikaanza kazi bila yeye kuvitazama. Nami nikaona kwamba katika mambo yote ya dunia hakuna nilichokitaka kama kuwa na vidole vile.

Sasa, ile mashine na kile kiti ndivyo vilivyobeba lawama. Karani alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, hana mtoto, na uani kwetu jambo kama hilo halikuachwa bila sababu. Mama Ayub, ambaye alikuwa na watoto wanne na wa tano njiani, ndiye aliyekuwa na maelezo. Aliyatoa bombani, ndoo ikijaa.

"Mwanamke ni wa kukaa kwa mkeka, miguu imenyooka," alisema. "Hiyo kiti ya ofisi inabana tumbo mpaka inakauka. Na hiyo mashini inatetemeka mchana yote. Tetetete! Mtoto atashika wapi?"

Baba, ambaye viti ndivyo vilivyotulisha, hakupenda kusikia kiti kinasingiziwa. Yeye aliona kosa liko kwenye vitabu. Alieleza kwamba damu ya mwanamke ni moja, ikipanda kichwani kwa kusoma sana haitashuka tena chini. Na mama, niliona namna alivyonitazama nikisoma. Wote watatu walimpenda Karani kwa namna yao. Walimpelekea barua zao awasomee, wakamwomba awajazie fomu, wakamsifu kwa mwandiko. Kisha walipofika mlangoni mwao walimhurumia, na huruma ile ilikuwa na woga ndani yake.

Maana kulikuwa na lile jingine. Watu wa kwetu waliogopa jicho la mwanamke asiyezaa. Hakuna aliyemwambia usoni, la. Lakini Karani alipopita jioni akitoka basini, kila mwenye kichanga alivuta leso akamfunika mtoto, kana kwamba upepo umeanza. Karani aliziona leso zile zikivutwa mlango baada ya mlango. Alisalimu, "Mulembe, mulembe," akapita haraka na visigino vyake. Sikuwahi kumwona ameshika mtoto mchanga. Akiletewa na mgeni asiyejua mambo, alisema mikono yake ina wino.

Na chini ya zile leso watoto walikuwa wamevaa kofia zake.

Hii ni siri niliyoibeba tangu nikiwa na miaka tisa. Karani alikuwa akifuma. Alijifungia, akawasha taa, akafuma kofia ndogo za sufu nyeupe zenye mistari mitatu ya manjano ukingoni. Mtoto akizaliwa uani, yeye alisikia kupitia mabati kama sote tulivyosikia, na Jumamosi iliyofuata aliniita. Kofia ilikuwa ndani ya karatasi iliyokunjwa vizuri. "Wapelekee," alisema. "Sema mama yako ndiye amenunua. Sema ni ya dukani." Nami nikapeleka, nikasema. Mama yangu alishukuriwa mara mbili kwa kofia asizozijua. Mara ya tatu alinitazama, akatazama mlango wa Karani, akamjibu mwenye mtoto, "Ni kitu kidogo tu, mama," na jambo hilo hatukulizungumza kamwe.

Kuna jambo jingine lililonishangaza. Kabla ya emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, kulikuwa na mama wa Mutuini aliyekuja na mzigo wa viazi na njahi, yale maharagwe meusi, mgongoni, kamba kipajini. Njahi ndizo wanazopikiwa wanawake wa kwao wakijifungua. Kila Jumamosi Karani alinunua kibaba. "Nani amezaa kwako?" yule mama alimwuliza. "Napenda tu," Karani akajibu. Alizipika polepole, akala peke yake, na mimi akanipa kijiko kimoja. Emajensi ilipokuja, na vizuizi na kafyu, mama wa Mutuini hakuonekana tena. Jumamosi nyingi nilimwona Karani amesimama barabarani na kile kibaba kitupu, akitazama upande wa Mutuini.

Kisha alikuwapo mgeni wa Jumapili. Huyu alikuwa dereva wa bwana mmoja Kileleshwa, mjane mwenye kofia ya kijivu na baiskeli inayong'aa. Mke wake alifariki bila kumwachia mtoto. Alikuja saa tisa alasiri, akaegemeza baiskeli ukutani, akanywa chai mlango ukiwa wazi kama heshima inavyotaka. Siku hizo Karani alikuwa mtu mwingine. Sukari ilipatikana. Alicheka, tukasikia sote, na Mama Ayub akasema, "Huyo sasa ataacha kazi, atakaa kwa mkeka, atapona." Yule mgeni aliamini kwamba anamposa msichana wa shule aliyechelewa kuolewa kwa ajili ya masomo. Hivyo ndivyo sote tulivyoamini. Karani hakuwahi kumwambia mtu vingine.

Nilipofika darasa la nne nilifanya mtihani, nikapita. Nilipata nafasi ya shule ya bweni ya wasichana, huko kwetu magharibi. Mwalimu alileta barua mwenyewe. Nilidhani baba atapiga kelele ya furaha. Aliishika ile karatasi, akaikunja, akaiweka juu ya kabati.

"Amesoma ya kutosha," akamwambia mama. "Anajua barua, anajua hesabu. Mimi nataka wajukuu."

"Lakini amepita, Baba Trufosa."

"Hata huyo wa mlango wa tatu alipita. Wewe unataka mtoto yako akuwe hivyo?"

Nililia siku tatu. Sikwenda kwa Karani, maana ningemwambiaje kwamba yeye ndiye sababu? Lakini mabati hayana siri. Jumapili hiyo, baada ya kanisa, alibisha mlangoni kwetu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, kitandani. Baba alimsogezea kiti cha mgeni, kile kizuri. Karani hakukikalia. Alivua viatu vyake vya kisigino, akaketi mkekani kando ya mama, miguu imenyooka.

"Fundi," alianza, "nina swali la kazi yako. Ukiingia nyumba ya mtu ukakuta kiti kimevunjika mguu, na chini yake kimewekewa kitabu ili kisimame, utasema ni kitabu kilichovunja mguu?"

Baba alicheka. "Kitabu itavunja mguu namna gani? Imewekwa baadaye."

"Basi," akasema Karani. "Mimi nilikuwa na mume."

Nilimsikia mama akivuta pumzi. Karani aliendelea kwa sauti ileile aliyosomea barua za watu. "Niliolewa sijui kuandika hata jina langu. Nilikaa kwa mkeka, Fundi, nilipika, nililima, nilibeba maji. Kiti cha ofisi sikukijua kilikuwa na miguu mingapi. Nilikunywa kila mzizi uliochimbwa kijijini kile. Mwaka wa tano ng'ombe wa mahari walirudi kwao, nami nikarudi kwa baba. Baba hakujua anipeleke wapi. Akanipeleka shule. Nilikaa darasa la kwanza na watoto wanaong'oka meno, nikiwa na matiti yangu, wakinicheka. Kwa hiyo usiseme shule iliniliza. Shule ilinikuta nalia."

Upande wa pili wa ukuta Mama Ayub alikuwa akikwangua sufuria tangu tuliporudi kanisani. Sasa kule kukwangua kulikuwa kumekoma.

Mama ndiye aliyenong'ona. "Na yule wa Jumapili, anajua?"

Karani aliutazama ule ukuta wa bati. "Mpaka jioni atajua, Mama Trufosa," akasema, bila kushusha sauti. Akavaa viatu, akamwambia baba, "Mtoto huyu ana vidole vya kazi. Mwache aende," akatoka.

Baba aliiacha chai yake ikapoa. Kisha akasimama, akaichukua barua juu ya kabati, akaikunjua juu ya goti lake. Nilifurahi. Nasema kwa aibu, lakini nilifurahi mpaka nikauma shuka, wala sikufikiri hata mara moja kuhusu yule aliyetoka.

Mgeni wa Jumapili alifika saa tisa kama kawaida. Mama Ayub alimkuta bombani kabla hajaegemeza baiskeli, akamwambia aliyoyasikia. Mgeni alikaa chumba cha tatu muda mfupi kuliko wa kumaliza kikombe. Nilimsikia akisema, "Ungeniambia. Mama yangu nitamwambia nini, nimeleta mwanamke amerudishwa?" Karani alimjibu kitu ambacho sikukisikia. Aliondoka akiisukuma baiskeli, hata hakuipanda, na kofia ya kijivu alikuwa ameisahau. Karani alimtuma mtoto wa kinyozi mpya amkimbilie nayo.

Nilikwenda bwenini. Asubuhi ya safari alinipa mfuko wa karatasi za kaboni zilizotumika, na penseli mbili. Nikasema asante kwa penseli.

Kwa yale mengine sikumshukuru. Nilikuwa mtoto, kisha nikawa msichana mwenye shughuli, kisha mwalimu mwenye chaki mikononi. Likizo nyingi nilizimalizia kwa nyanya, na kila niliporudi Nairobi nilimkuta akipangusa viatu, mimi nina haraka. Tulisalimiana, akaniuliza nimesoma nini, akasahihisha Kiswahili changu. Nikajiambia ipo siku tutaketi. Laiti ningejua jinsi siku hizo zinavyoisha, ningemganda kama kupe.

Mwisho wa miaka ile ya hamsini niliolewa na mwalimu mwenzangu, nikapata mtoto wa kike. Baba alimtangaza karakana nzima. "Shule haikukausha huyu!" alimwambia kila mteja. Ilinikera. Nilijiuliza, na kama nisingezaa, je? Maneno ya Karani yangekuwa ya uongo? Lakini baba alikuwa mzee mwenye furaha, sikubishana naye.

Mtoto alipotimiza miezi miwili nilimleta Dagoretti Corner kumwonyesha. Akina mama wa Mutuini walikuwa wameanza kurudi barabarani na mizigo yao, wachache. Mmoja aliona maziwa yamelowesha blauzi yangu, akanichotea njahi kabla sijauliza bei. Nilizichukua kwa ajili ya mtu mwingine.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, uani pamejaa. Mama Ayub, mnene sasa, alikuwa ameketi mlangoni mwake akichambua mboga. Karani alikuwa kwenye kizingiti cha chumba cha tatu, na miwani. Nywele za mbele zilikuwa zimeanza mvi. Aliponiona na mtoto alisimama upesi, nikadhani anakuja. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na karatasi iliyokunjwa vizuri.

Alitazama huku na huku, kama zamani. Kisha nadhani alikumbuka kwamba sasa hana wa kumtuma, maana wa kutumwa alikuwa mimi. Akanyoosha mkono akanipa. Sufu nyeupe, mistari mitatu ya manjano.

"Wakikuuliza," akasema kwa sauti ya chini, "sema ni ya dukani."

Miaka yote ile sikuwa nimemwambia neno moja la maana, na hata hapo sikulipata. Nilimpa zile njahi kwanza, akazishika, akazitazama sana. Kisha nikasema, kwa sauti ya darasani, ua mzima usikie, "Umeifuma wewe, Karani. Mvishe wewe."

Kisu cha Mama Ayub kilisimama. Aliitazama ile kofia, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wanawe watatu wa mwisho walivaa kama hiyo. Nilimwona akielewa, na uso wake ukawa wa mtu aliyegundua kwamba amekuwa akimfungia mlango mgeni aliyekuwa akimletea chakula.

Karani alirudi nyuma hatua moja. "Mikono yangu ina wino," akasema.

"Leo ni Jumamosi. Umeshanawa."

Aliketi kizingitini. Nilimshusha mtoto mgongoni, nikamlaza kwenye mapaja yake. Akainua ile mikono miwili, vile vidole kumi vilivyojua kila herufi bila kutazamwa, ikabaki hewani. Karani aliyesahihisha wachungaji, aliyejua fomu zote za serikali, alinitazama kwa macho ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Trufosa," akasema, "niweke mkono wapi?"

Ni Mama Ayub aliyejibu, kutoka mlangoni mwake, mboga zikimwagika alipokuwa akisimama kuja.

"Kichwa, Karani," alisema. "Shika kichwa kwanza. Mwili ingine yote itafuata."